Moja Mpaka Tano

Deodata hakuwa mtu wa kujisifu, lakini Jumatatu ile alijisifu. Alikaa mbele ya kompyuta katika ofisi ndogo ya shirika lao pale Nyakanazi, juu ya duka la vipuri vya malori, akaisoma namba kwa sauti ili wenzake wasikie: watu mia sita na kumi na mbili. Watu mia sita na kumi na mbili wa Ngara na Biharamulo walikuwa wamejibu dodoso lake kwa simu zao wenyewe, kwa siku tisa tu, bila mtu kuvaa mabuti kwenda kuwatafuta shambani.

Na dodoso lilikuwa lake kweli. Makao makuu walileta la Kiingereza. Yeye ndiye aliyelitafsiri, akalipanga, akalipaka rangi ya kijani na kulituma kwenye makundi ya WhatsApp ya wakulima. Maswali arobaini na nane, kila moja linajibiwa kwa namba, moja mpaka tano. Moja ni mbaya sana, tano ni nzuri sana. Kuna nini cha kumshinda mtu hapo? Deodata hakuona.

Kilichotafutwa ni hiki: shirika lilikuwa na ghala moja la kujenga. Wilaya mbili, vijiji kumi na vinne, ghala moja. Lingekwenda kule ambako mahindi yanaharibika zaidi baada ya kuvunwa, na aliyepewa kazi ya kuonyesha ni wapi alikuwa Deodata. Akiifanya vizuri, mkataba wake uliokuwa unaisha mwisho wa mwezi ungeongezwa. Meneja wao, Rwekaza, alimwambia hivyo kwa kinywa chake mwenyewe.

Majibu yalikuwa wazi mno hata yakampa raha. Watu wa Nyantakara, huko Biharamulo, walikuwa juu kabisa, wastani wa nne nukta tano. Hao mahindi yao yalikuwa salama salimini. Chini kabisa kilikuwa kijiji kimoja jirani na Lukole, huko Ngara: moja nukta tatu. Maskini watu wale, Deodata aliwaza, wanakula nini?

"Basi kazi imeisha," alisema Rwekaza, mtu wa Bukoba aliyependa chati kuliko chai. "Ghala liende Lukole. Kesho nenda ukapige picha, makao makuu wanataka kuiona hiyo shida kwa macho. Ripoti inaondoka Ijumaa."

Mchana Deodata alishuka kula kwa Zita, ambaye mgahawa wake uko pale malori ya Burundi na Rwanda yanapopumzika. Zita alikuwa anachekecha unga huku amekunja uso. Akasema mahindi ya Nyantakara ameapa kutoyanunua tena, maana ukisaga debe unapata nusu unga na nusu vumbi la dumuzi, wale wadudu wanaotoboa punje.

"Dada Zita, si kweli," Deodata alisema. "Utafiti unaonyesha Nyantakara ndiko hali iliko nzuri kuliko kote."

Zita aliacha kuchekecha. "Huo utafiti ulikula ugali wapi?"

Deodata alicheka, akala, akaondoka. Ukishakuwa na namba mia sita na kumi na mbili mkononi, neno la mama ntilie mmoja ni jambo la kuchekea. Ndivyo elimu inavyotufanya wakati mwingine, na wala haituombi radhi.

Jumanne alipanda basi la Ngara, akashuka Benaco, akachukua bodaboda. Njiani alijiandaa kukutana na majonzi. Alikuwa hata amepanga namna ya kuwaomba watu ruhusa ya kuwapiga picha bila kuwadhalilisha.

Alipokewa na Mzee Theonest, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, mrefu, mkavu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Karibu. Za Nyakanazi?"

"Nzuri, mzee. Nimetoka shirika lile la dodoso. Nimekuja kuona hiyo shida yenu ya mahindi."

"Shida gani?" aliuliza Mzee Theonest.

Deodata alidhani ni aibu ya mtu mzima. Akaeleza polepole, kwa upole wa muuguzi: mahindi kuoza, wadudu, panya. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka na kumwongoza nyuma ya nyumba kadhaa, hadi kwenye jengo refu la matofali. Lilikuwa limebaki tangu enzi za kambi ya wakimbizi, akasema, na wanakijiji walilitengeneza wenyewe, paa, milango, madirisha ya wavu. Akafungua kufuli.

Ndani mlikuwa na ubaridi na harufu ya mahindi makavu. Magunia yalipangwa juu ya chaga za mbao, yamekaa mbali na ukuta, kila fungu na jina la mwenyewe. Mzee alifungua gunia moja, akachota kiganja, akammiminia Deodata mkononi. Punje zilikuwa nzima, ngumu, zinang'aa.

"Humu hata panya akiingia anatoka na aibu," alisema. "Sasa nani aliyekwenda kusema huko Nyakanazi kwamba sisi tuna shida?"

"Ninyi wenyewe, mzee. Kwenye dodoso. Mlijipa moja."

"Ndiyo tulijipa moja!" Mzee alisema kwa fahari. "Tulikaa hapa nje watu thelathini na mmoja, Frednand akashika simu, tukajibu mmoja mmoja. Ghala? Moja. Ukaushaji? Moja. Magunia? Moja. Kwenye barabara ya kwenda sokoni nikawaambia jamani tusijipendelee, tuseme kweli, tukajipa tatu."

Deodata alizirudisha punje guniani. "Kwa nini moja, mzee?"

Mzee Theonest alimtazama kwa huruma. "Binti, wewe si umesoma?"

"Nimesoma."

"Shuleni ulikuwa unashika nafasi ya ngapi?"

"Ya pili," alisema Deodata, na hata baada ya miaka yote ile ilimuuma kidogo.

"Wa kwanza alikuwa nani?"

"Bonifasia."

"Sasa Bonifasia na yule aliyekuwa wa tano, nani alikuwa bora?"

Hakuna aliyehitaji kujibu. Tangu siku ya kwanza mtoto anapokalishwa kwenye dawati, anafundishwa kwamba moja ndiyo kilele. Wa kwanza anapigiwa makofi, wa mwisho anakwenda nyumbani kwa njia ya mashambani asionekane. Kidato cha nne ni hivyo hivyo: divisheni wani wanachinjiwa kuku, divisheni foo wanaulizwa walikuwa wanafanya nini miaka minne. Deodata alilijua hilo vizuri kuliko lile dodoso lenyewe, maana ndilo lililomtoa machozi darasa la sita kwa ajili ya Bonifasia.

"Lakini juu kabisa pameandikwa, mzee. Moja ni mbaya sana."

Frednand, kijana mwenye duka la pembejeo, aliitwa aje na simu. Deodata akalifungua dodoso lake. Kwenye swali la kwanza maneno yalikuwepo, madogo, ya kijivu. Akasogeza chini kwa kidole. Maneno yakapotea. Kuanzia swali la pili mpaka la arobaini na nane hapakuwa na kitu isipokuwa duara tano na namba tano, na hakuna popote palipokumbusha kipi ni kizuri na kipi ni kibaya. Kwenye kompyuta ya ofisini yale maneno yalikaa juu ya kila safu, hayaondoki. Kwenye simu ya Rwekaza, pana kama sinia, pia yalikaa. Kwenye simu ya mtu wa kawaida Deodata hakuwahi kulifungua hata mara moja. Alijiona mjinga, tena mjinga wa hiari.

Akamweleza mzee habari yote, maana kumficha hakukuwa na maana tena. Kwamba kuna ghala moja. Kwamba kwa sababu ya zile moja zao, limeamuliwa lije hapa. Kwamba wenye shida ya kweli huenda wako Nyantakara, ambao walijipa tano.

Mzee Theonest alisugua punje mbili kati ya vidole. Kikundi chake kilikuwa kinakua. Lile jengo la zamani lilishaanza kujaa.

"Kwa hiyo nikinyamaza," alisema, "ghala ni letu?"

Deodata alitamani kusema vingine. "Ndiyo, mzee. Ukinyamaza, na mimi nikinyamaza."

Mzee alifunga mlango, akarudisha kufuli. Akamkaribisha uji, akamuuliza habari za wazazi wake, akamsindikiza mpaka kwenye bodaboda. Kuhusu ghala hakusema tena hata neno.

Jumatano Deodata alikwenda Nyantakara, na hakuhitaji kuuliza sana. Mama Adventina, mjane anayeongoza kikundi cha wanawake kumi na tisa, alimpokea vizuri, akampa kigoda, kisha akamtolea gunia.

"Ingiza mkono," alisema.

Deodata aliingiza mkono. Ulizama kirahisi mno. Alipoutoa ulikuwa mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kiwiko, na kiganjani zilikuwa punje nyepesi zilizotobolewa, kila moja na tundu lake. Mdudu mmoja mweusi alitembea juu ya kidole gumba, bila wasiwasi wowote, akijua yuko kwake.

"Hayo yalikuwa chakula chetu mpaka mwezi wa kumi na mbili," alisema Mama Adventina. "Sasa ni chakula cha kuku, na kuku wenyewe wanachagua. Nilipoona dodoso lenu nilifurahi. Nikawaambia wenzangu, leo tunaulizwa, tuseme. Nikabonya tano. Tano, tano, tano, mpaka kidole kikachoka. Nikasema leo watajua."

"Wote mlibonya tano?"

"Wote, isipokuwa Mwalimu Suzan. Yeye alijaza kwenye kompyuta yake, akatuambia moja ndiyo mbaya. Tukamcheka. Tukamwambia mwalimu, si wewe uliyetufundishia watoto kwamba wa kwanza ndiye bora?" Mama Adventina akapunguza sauti. "Na nikuambie ukweli, binti yangu, yale maswali yalikuwa mengi. Arobaini na nane! Na ukiruka moja linakuletea nyota nyekundu, linakataa kwenda mbele. Kuanzia la ishirini, la thelathini hivi, tulikuwa tunabonya tu liishe, bando linakatika. Tena hata kabla ya swali la kwanza linataka jina na namba ya simu. Wengine wakatoroka hapo hapo. Mtu hujamsalimia unamwandika jina, ni polisi?"

Deodata aliandika yote kwenye daftari. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni.

"Sasa niambie," alisema Mama Adventina. "Ghala linakuja?"

Lilikuwa swali moja, fupi, bila namba. Deodata alifunga daftari.

"Sijui, mama. Kwa namba zilizoko ofisini, haliji. Ila namba ni mbovu. Na aliyeziharibu ni mimi. Dodoso nilitengeneza mimi."

Alisubiri kukaripiwa, na pengine angefurahi kukaripiwa. Mama Adventina alimpangusa vumbi la mkononi kwa upande wa kanga yake.

"Kosa likiwa na mwenyewe, lina dawa," alisema. "Nenda kalitibu."

Kusema kosa mbele ya mjane aliyekukalisha kwenye kigoda ni jambo moja. Kulisema mbele ya bosi siku moja kabla ya ripoti, na mkataba wako umebakiza siku kumi na tano, ni jambo lingine. Alhamisi asubuhi Deodata alizunguka lile duka la vipuri mara mbili kabla ya kupanda ngazi. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Picha angeweza kupiga hata za mahindi mabovu ya kwa Zita. Ripoti ingekwenda, chati zingependeza, na Mzee Theonest angepata ghala la pili asiloliomba. Nani angejua? Lakini mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe kingekuwa cha watoto wa Nyantakara, si chake. Akapiga moyo konde akaingia.

Rwekaza alisikiliza huku anapigapiga kalamu mezani. Kalamu ikasimama.

"Basi hakuna tatizo," alisema kwa haraka. "Tugeuze. Tano iwe moja, moja iwe tano. Dakika mbili kwenye kompyuta."

"Haitafaa, bosi. Walimu na watu wa kompyuta walijibu kama tulivyoandika. Wakulima wengi walijibu kama walivyofundishwa shuleni. Na wengine kuanzia swali la ishirini walikuwa wanabonya tu ili wamalize. Nikigeuza, nitamsahihisha mmoja nimharibu mwingine, na sijui nani ni nani."

"Watu mia sita na kumi na mbili, Deodata!"

"Ndiyo, bosi. Na sijui hata mmoja alisema nini."

Rwekaza alikwenda dirishani, akatazama malori. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekwishaahidi Ijumaa.

"Makao makuu watauliza kosa ni la nani," alisema.

"Waambie ni langu."

"Nitawaambia. Siwezi kukudanganyia." Akageuka. "Kosa moja haliachi mke, lakini hii si ndoa, ni mkataba. Nitaomba wiki mbili. Zaidi ya hapo sikuahidi kitu. Na fikiria jambo hili pia: yule mzee wa Lukole sasa anajua. Ukirudisha maswali, atawaambia watu wake walie, wote, kwa sauti moja. Utamzuiaje?"

 Hakuna dodoso duniani, hata lipangwe vipi, linaloweza kumzuia mtu aliyeamua kudanganya. Hilo Deodata alilijua, likamnyima amani siku zote zilizofuata.

Safari hii hakuanza na kompyuta. Alianza na Zita.

Alikaa kwenye benchi la mgahawa na karatasi, akamsomea swali la kwanza alilotunga upya: "Je, unaridhika kwa kiasi gani na utunzaji wa mahindi yako?"

"Unaniuliza kama naridhika?" Zita alisema, mkono kwenye mwiko. "Nikisema siridhiki utaniona mlalamishi. Nikisema naridhika utaondoka. Niulize mahindi yangu yako wapi."

Deodata akafuta, akaandika: "Mahindi uliyovuna msimu uliopita, yaliishaje?" Chini yake akaweka majibu kwa maneno: mengi tumekula, mengi tumeuza, mengi yameharibika, bado tunayo.

"Hapo nakujibu hata usiku wa manane," alisema Zita, akarudi kwenye ugali wake.

Kwa siku nne benchi lile lilikuwa ofisi. Dereva wa lori aliyetoka shambani Kakonko, mama muuza ndizi, fundi wa matairi, kila aliyekaa kungoja chakula alikabidhiwa simu ndogo ya kioo kilichopasuka, ambayo Deodata aliitafuta makusudi iwe mbovu kuliko zote, akaambiwa: jaza, na useme kwa sauti unachowaza. Walisema. Mmoja alisema swali la nne ni maswali mawili yaliyobebana mgongoni. Mwingine alisema neno "aflatoksini", ile sumu ya ukungu wa mahindi, limempa hamu ya kukimbia. Mama muuza ndizi alikwama kwenye "kaya", akauliza kama wale wajukuu wanaokuja kula tu wanahesabiwa. Deodata hakubishana na yeyote. Kila mtu alipokwama, alifuta swali, si mtu.

Namba aliziondoa zote. Maswali arobaini na nane yakawa tisa. Kila swali likakaa peke yake kwenye ukurasa wake, na majibu yake chini yake, kwa maneno yasiyopotea ukisogeza. Nyota nyekundu ikafutwa. Asiyetaka kujibu apite. Jina likahamia mwisho kabisa, na pembeni likaandikwa kwamba ukitaka unaweza kuliacha. Kabla ya jina akaweka kisanduku kitupu chenye swali moja: Kuna jambo tulilosahau kukuuliza?

"Hilo la mwisho nani atalichambua?" Rwekaza alilalamika. "Watu watajaza magazeti."

"Nitayasoma," alisema Deodata.

Dodoso likatumwa Jumatatu. Yeye mwenyewe hakumpigia Mzee Theonest simu kumbembeleza. Alitaka sana, lakini kumbembeleza mtu jibu ni kumjibia. Akasubiri, na kusubiri huko kulimkondesha.

Baada ya siku kumi alikaa tena mbele ya kompyuta, na Rwekaza akavuta kiti karibu. Safari hii walijibu watu mia nne na themanini tu, na Rwekaza akaguna. Lakini hao karibu wote walifika mwisho. Nyantakara, watu watatu kati ya wanne walisema mahindi yao mengi yameharibika, na kwenye kile kisanduku kitupu walikuwa wameandika dumuzi, dumuzi, dumuzi, na mtu mmoja alieleza kwamba huwa anaamka anasikia sauti yao ndani ya gunia, kra kra kra, wanakula pasipo karamu. Mwalimu Suzan alijibu sawasawa na Mama Adventina. Hilo lilimfurahisha Deodata kuliko yote, mwalimu na mkulima kuongea lugha moja.

"Haya," alisema Rwekaza. "Fungua Lukole."

Deodata akabonya. Watu thelathini na wawili, mmoja zaidi ya mwanzo. Akashusha ukurasa taratibu. Mahindi uliyovuna msimu uliopita, yaliishaje? Bado tunayo. Bado tunayo. Mengi tumeuza. Bado tunayo. Mengi tumekula. Alishuka mpaka chini kabisa, akapanda tena juu, akashuka tena. Hakuna hata mmoja aliyesema yameharibika.

"Hawakulia," Rwekaza alinong'ona.

Ndipo Deodata akaona kwamba mtu mmoja wa kule alikuwa amejaza kile kisanduku, na jina lake ameliandika lote, ingawa hakulazimishwa. Akakisoma kwa sauti, maana kimoyomoyo asingeweza kukimaliza.

"Mmesahau kutuuliza kama tunataka ghala. Tunataka, nani hataki? Nimekaa na wenzangu tukalijadili siku nzima, wengine walitaka tunyamaze. Lakini mwaka ule kambi ilipokuwa hapa tuliona mtu mwenye njaa anavyokuwa, na hatuwezi kumlia chakula chake huku tunamjua. Pelekeni Nyantakara. Mwakani mkija na lingine, tuulizeni tena, jengo letu linajaa. Yule binti aliyekuja hapa akasema kosa lake mwenyewe, mimi nampa moja. Theonest."

Rwekaza aliyasoma tena maneno yale mwenyewe. Kisha akauliza, kwa tahadhari, "Moja hiyo ni ile nzuri au ile mbaya?"

Deodata alicheka huku machozi yanamtoka, na hakuyaficha. Miaka yote ile ya kuwa wa pili nyuma ya Bonifasia ilikuwa imelipwa, tena na mzee asiyedaiwa kitu. Rwekaza akamwambia kwamba makao makuu wamekubali kuongeza mkataba kwa miezi sita, na wametoa sharti moja: kuanzia sasa hakuna dodoso litakalotoka kabla ya kujaribiwa kwa yule mama ntilie. Akasema atamwandikia Zita barua rasmi. Deodata alimsikia nusu nusu, maana alikwishashika simu anatafuta jina.

Iliita muda mrefu. Ikapokelewa na upepo, kuku, na sauti ya mtu aliyekimbia kutoka shambani.

"Mama Adventina, shikamoo."

"Marahaba, binti yangu. Unaniuliza nini tena leo?"

"Leo siulizi, mama," alisema Deodata. "Wewe ndiye uliyeniuliza, nikashindwa kukujibu. Linakuja."